Zikri, mafungo na tiba ya mazungumzo: tumerithi dawa, tukatupa maelezo yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi, na leo naomba ndefu kidogo. Swali ni lile linalozungushwa kwenye baraza za Ujiji na chini ya miembe ya Tabora kila kijana anapoanza kujitenga, kukesha au kulia bila kusema kinachomliza: apelekwe kwa shehe, kwa padri, kwa mchungaji, au hospitali? Mtu wa dini anahofia kwamba mshauri wa saikolojia atamtoa mgonjwa kwenye imani. Mtu wa hospitali anahofia kwamba zikri (kumtaja Mungu kwa kurudiarudia) na mikesha ndiyo iliyomfikisha hapo. Wanagombania doti moja ya kanga, kila mmoja na kipande chake. Kitambaa ni kilekile: mtu kujitazama kwa ndani, mbele ya mwenzake anayeijua njia, kwa muda mrefu, mpaka tabia igeuke.

Mgonjwa hadhuriki kwa kutumia vyote viwili. Hudhurika kwa kutumia kimojawapo bila kipimo. Vidonge viwili vya paracetamol hutuliza kichwa, ishirini kwa mkupuo huua ini. Uradi (dua za kurudiwa), mfungo, ukimya na kuyafukua yaliyopita navyo vina dozi, vina wa kupewa na wa kunyimwa, na mabingwa wa zamani waliyaandika hayo waziwazi. Sisi tumerithi dawa, karatasi ya maelezo tukaitupa pamoja na boksi.

Imamu al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058, anaifananisha kazi ya kuirekebisha nafsi na mfanyabiashara mwenye mshirika. Watu wa Tabora na Ujiji, miji iliyonona kwa misafara ya pembe, chumvi ya Uvinza na, tukiri, watumwa, hawahitaji kutafsiriwa mfano huo. Alfajiri unawekeana masharti na mshirika wako (musharata). Mchana unamtupia jicho (muraqaba). Jioni mnakaa kwenye hesabu (muhasaba). Amepoteza mali? Unamtoza (muaqaba), unamwongezea kazi (mujahada), kisha unamkaripia (muataba). Hatua sita.

Sasa mtazame mshauri wa aina ya tiba iliyoanzishwa na Aaron Beck huko Philadelphia miaka ya 1960. Anampa mteja daftari lenye safu: tukio, wazo lililopita kichwani, hisia na nguvu yake kati ya 0 na 100, ushahidi unaoliunga mkono wazo, ushahidi unaolipinga, na wazo jipya baada ya mizani. Wanaonana mara moja kwa wiki, dakika 45 hadi 60, kwa kawaida vikao 12 hadi 20, na katikati ya vikao kuna kazi ya nyumbani kila siku. Ni hesabu ya jioni ileile. Mtakatifu Ignasi wa Loyola (1491–1556), mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, alikwenda mbali zaidi: aliagiza mistari miwili kwa kila siku ya wiki, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, na nukta moja kwa kila mara mtu alipoanguka katika kosa analopambana nalo, ili alinganishe siku na siku, wiki na wiki. Wataalamu wa tabia wa karne ya 20 walipochora majedwali yao ya kujihesabu, Wajesuiti walikuwa na jedwali lao kwa miaka 400.

Mpaka hapo pande mbili zinapatana. Tatizo linaanzia kwenye hatua ya nne na ya sita, kutoza na kukaripia. Mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) tayari ana hakimu kichwani anayefanya kazi usiku na mchana bila likizo. Ukimwambia ajihesabu, ajitoze na ajikaripie, umemkabidhi hakimu huyo rungu. Kwa mtu wa namna hii hesabu hupunguzwa. Asubuhi sharti moja tu, dogo na la kuonekana kwa macho: kwenda bombani mwenyewe, kuswali Adhuhuri kwa wakati, kuitikia salamu ya shemeji. Jioni dakika 10 zilizopimwa kwa saa, akiandika. Kuandika ni lazima, maana hesabu ya kichwani haina mstari wa mwisho na kabla hajajua imeshageuka kuwa kuwaza sana. Aanze na kilichofanyika ndipo aje kwenye kilichoshindikana, na penye kilichoshindikana aandike kikwazo, asiandike tusi. Kutoza na kukaripia kusubiri mpaka sonona ishuke.

Kuitambua sonona si uganga. Lipo dodoso la maswali 9 lililokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, linalouliza kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujidharau na kadhalika. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kumi na kuendelea, aonwe na mtaalamu. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Likijibiwa chochote zaidi ya sifuri, mtu huyo anaulizwa zaidi siku hiyohiyo, ana kwa ana, hata kama jumla yake ni tatu. Katekista au ustadh anaweza kulisimamia kwa dakika tano. Wala asidhani anaazima mambo ya Wazungu: mwanazuoni Abu Zayd al-Balkhi (850–934) alishatenganisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana na ile inayomshukia mtu asijue ilikotoka, na akashauri mtu akiwa mzima ajiwekee akiba ya fikra za kumsaidia siku ya shida, kama anavyoweka dawa nyumbani.

Wasiwasi unastahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo shehe, padri na mshauri wanapohitajiana kuliko mahali pengine popote, na ndipo wanapoharibiana kazi. Nazungumzia anayetawadha nusu saa, anayerudia takbira mara 15, Mkatoliki anayeungama dhambi ileile kila Jumamosi kwa kuwa "huenda sikueleza vizuri", Mlokole anayerudia sala ya toba usiku kucha kwa kuhofia kwamba amemkufuru Roho Mtakatifu. Sura nne, ugonjwa mmoja. Wazo linajipenyeza, hofu inapanda, mtu anafanya kitendo cha kuizima, anapata nafuu ya dakika chache. Nafuu hiyo ndiyo mtego: ubongo unajifunza kwamba hatari ilikuwa ya kweli na kwamba maji ndiyo yaliyoiondoa. Kesho utataka maji zaidi.

Tiba yake ni kukabili na kutorudia. Mgonjwa na mshauri wanaandika hali kama kumi zinazomtia hofu na kuzipa alama, kutoka 0 hadi 100. Wanaanza na yenye kama 40. Ukianza na 100 atakimbia, ukianza na 10 hatajifunza kitu. Anaifanya, kisha anakaa bila kuosha, bila kurudia, bila kuuliza. Hofu itapanda, itakaa kileleni, halafu itashuka yenyewe, mara nyingi ndani ya saa moja. Kesho tena, palepale, mpaka ichoke. Ndipo wanapanda ngazi inayofuata.

Hapa shehe ana silaha ambayo mshauri hana. Kanuni ya fiqhi inasema yakini haiondolewi na shaka: umetawadha kwa yakini, udhu wako upo mpaka uwe na yakini ya kilichoutengua. Na hadithi sahihi zinaeleza kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja ya maji na kuoga kwa pishi moja, yaani mudi nne, hadi mudi tano. Kwa hesabu ya wanazuoni wengi mudi ni kati ya nusu lita na robo tatu. Basi mgonjwa ajaze chupa moja ya kiasi hicho, atawadhe kwayo, ikiisha amemaliza. Bomba limefungwa. Mshauri angeomba kipimo hicho kwa mdomo wake angeonekana anacheza na dini ya watu. Kikitoka kwa shehe ni sunna.

Kinachoikwamisha tiba hii karibu kila mara ni huruma. Mama amesimama mlangoni anasema, "Umetawadha sawa, mwanangu, njoo ule." Shehe anajibu swali lilelile kwa simu mara ya nne kwa sauti ya upole. Kila hakikisho ni tone jingine la maji. Swali lijibiwe mara moja, kwa ukamilifu, na baadaye jibu liwe moja tu: "Hilo nilishakujibu, mwanangu." Kwa Wakatoliki, muungamishi awe mmoja, na dhambi iliyokwisha ondolewa isirudishwe kitubioni. Ignasi mwenyewe aliipitia hali hiyo huko Manresa, Hispania, mwaka 1522: aliungama na kuungama tena, akafikia kutamani kujiua, akafunga kula wiki nzima ili Mungu amwondolee mashaka, mpaka muungamishi wake alipomwamuru ale. Mashaka yalimwachia kweli alipoazimia kutoungama tena mambo ya zamani. Zaidi ya karne nne baadaye hospitali zinafundisha kitu hichohicho.

Lakini na mshauri ana kosa lake. Akiwa haijui dini ya mteja, anaweza kumpa zoezi la kuswali bila udhu au kutamka maneno ya kufuru "ili azoee". Hakuna haja. Mpaka wa zoezi ni yale wanayoyafanya waumini wenzake wa kawaida, basi. Ukiuvuka, mteja hatarudi kikao cha tatu, na atakuwa na haki.

Nije kwenye pumzi. Tarika ya Qadiriyya, njia ya masufi, imekuwapo Tabora na Ujiji kwa zaidi ya miaka 100, na zikri yake ya kusimama, ya pumzi nzito za kifuani, inajulikana hata kwa wasiokuwa muridi, yaani wafuasi wake. Mtu anapovuta na kutoa pumzi kwa kasi kuliko mwili unavyohitaji, hewa ya kaboni dayoksaidi hupungua katika damu. Matokeo yake yanafuatana kwa mpangilio: kizunguzungu, ganzi mdomoni na kwenye ncha za vidole, mikono kukakamaa vidole vikielekea ndani, moyo kwenda mbio, kuona kama upo mbali na mwili wako. Kwenye halaka, yaani duara la zikri, anaambiwa amefunguliwa. Kwenye mkesha wa maombi, ambako pumzi huenda kasi vilevile, anaambiwa ana jini au pepo na anashikwa na watu wanne. Kwanza aketishwe, avute pumzi kwa pua akihesabu 4, aitoe akihesabu 6, kwa dakika tano hadi kumi. Asifunikwe mfuko wa plastiki. Vidole vikilegea, ilikuwa pumzi, na hakuna aibu katika hilo. Halaka iliyo na khalifa (kiongozi wa tarika) mzoefu huiendesha kasi kwa vipindi na kuirudisha chini kabla ya dua. Mwenye kifafa asiingie kwenye zikri ya pumzi za kasi, kwa sababu pumzi za namna hiyo zinaweza kuamsha degedege. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye pumu isiyotulia na mjamzito nao wakae kwenye uradi wa kimyakimya.

Pumzi ya polepole ina habari nyingine kabisa. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha vipimo vya watu 23 waliosali Salamu Maria kwa Kilatini kwa kuitikizana, kama rozari inavyosaliwa. Pumzi zao zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, kasi ambayo moyo na shinikizo la damu hupatana nayo vizuri. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wa mwaka 2016 wa vikao vitano vya dakika 90 kwa watu waliokumbwa na majanga, linaweka pumzi ya polepole kwenye kikao cha kwanza kabisa. Bibi mwenye tasbihi au rozari hakuwa anasubiri mwongozo, ila si vibaya kujua kwa nini anatulia.

Njaa na usingizi ni sehemu mbaya zaidi. Teresa wa Avila (1515–1582), mtawa wa Hispania ambaye hakuna atakayemshuku kwamba aliidharau sala, anamtaja mtu aliyekuwa akizama saa nane kwa kile alichodhani ni usingizi wa kiroho. Teresa alikuwa na neno la kejeli kwa hali hiyo, lenye maana ya kupumbaa. Akaagizwa apunguze sala na malipizi, ale na alale. Hali ikaisha. Huyo ni bingwa wa sala anayeandika cheti cha chakula na usingizi. Siku hizi mtu akianza kutetemeka siku ya tano ya mfungo kavu anaambiwa aongeze siku mbili.

Kanuni inayofaa kwa khalwa (kujitenga kwa ibada), mfungo wa siku nyingi na mafungo ya kimya ni kupima usingizi kwanza. Anayelala saa nne au pungufu, usiku tatu mfululizo, asimamishe zoezi, ale, alale, aonwe. Usiku tatu bila kulala na bila kuchoka, maneno yanamiminika, fedha zinagawiwa ovyo na mipango mikubwa inazaliwa kila saa, hiyo ni alama ya ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi. Apelekwe hospitali siku hiyo, kwa upole na akiwa na mtu anayemwamini. Aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata kuugua akili asipewe siku arobaini za upweke hata akiililia. Kiongozi anatakiwa kuuliza swali hilo kabla, si baada.

William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyafanyia kazi masimulizi ya watu waliopata hali za juu za kiroho na mwaka 1902 akachapisha alama nne zake: haielezeki kwa maneno, humwachia mtu hisia kwamba ameelewa jambo, haidumu, na humjia mtu badala ya yeye kuiamrisha. Kwenye ile ya tatu alikuwa wazi: nusu saa, au kwa wingi wake saa moja au mbili. Alama hii peke yake inasaidia sana barazani kwetu. Kinachokaa siku tisa mchana na usiku si kile ambacho masufi na watawa walikiandikia. Ongeza na maswali mengine mawili. Je, anaweza kuiacha hali hiyo akiitwa kula? Na sauti anayoisikia, inamwamrisha? Inayoamrisha kudhuru haijadiliwi, mgonjwa anapelekwa hospitali.

Halafu kuna ukavu, ambao Mtakatifu Yohane wa Msalaba (1542–1591) aliuita usiku wa giza. Alitoa dalili tatu, na zote lazima ziwepo kwa pamoja: mtu haonji utamu katika mambo ya Mungu wala katika kitu kingine chochote, anahangaika kwamba hamtumikii Mungu ipasavyo, na hawezi tena kutafakari kwa picha na mawazo kama zamani. Ukiisoma dalili ya kwanza peke yake, ni sonona tupu, na Yohane alilijua hilo. Aliandika kwamba huzuni ya mwili inaweza kuchanganyika na usiku huo. Tofauti inayoonekana nje ni kwamba aliye katika ukavu bado anafanya kazi yake, bado anawahurumia wengine, bado anacheka kichekesho kikiwa kizuri. Mwenye sonona hujiona mzigo, mwili wenyewe umelemewa, na kifo kinaanza kuonekana kama mapumziko. Mashaka yakibaki, itibiwe sonona. Usiku wa giza wa kweli hauharibiwi na fluoksetini, dawa ya sonona, wala dawa hiyo si ya siku mbili: huchukua wiki 2 hadi 6 kuonekana, na wengi huitupa wiki ya kwanza kwa kichefuchefu, kisha husema haikufaa. Ignasi ana kanuni moja hapa ambayo kila mshauri angeibandika ukutani: wakati wa giza usibadilishe uamuzi uliouweka ulipokuwa na nuru. Usiache kazi, usivunje ndoa, usihame dini wala mji.

Al-Ghazali ni ushahidi kwamba mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mwaka 1095, akiwa na miaka 37 na kiti kikubwa cha kufundisha Baghdad, ulimi wake ulikataa kutoa somo. Akawa hawezi kumeza chakula, mwili ukaisha. Matabibu walisema maradhi yameanzia moyoni, wakakata tamaa. Aliondoka Baghdad, lakini kwanza aliwatengea watoto wake riziki ya kuwatosha. Alirudi kufundisha mwaka 1106. Hesabu miaka. Wale wanaoahidi kugeuka kwa semina ya siku tatu, ada ikiwamo chakula cha mchana, wameisoma wapi?

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, mwili. Huku kwetu homa kali na maneno yasiyoeleweka ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo, na malaria iliyopanda kichwani haisubiri dua imalizike. Kwa wanaoingia porini Urambo, Kaliua, Kibondo au Kasulu kurina asali, kuwinda au kuchunga, kuna malale: homa, kichwa, usingizi mchana na kukesha usiku, tabia kubadilika mpaka ndugu waseme karogwa. Kipimo cha haraka cha malaria hakikioni kidudu cha malale. Lazima damu ichunguzwe kwa hadubini, na mgonjwa aseme mwenyewe kwamba ameumwa na mbung'o. Mama aliyejifungua ndani ya wiki mbili na akaanza kusema mambo ya ajabu kuhusu mtoto ni dharura, yeye na mtoto, saa hiyohiyo.

Kuhusu kufumba macho. Mazoezi ya ukimya yaliyoingizwa hospitalini na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979, ya wiki nane, kikao cha saa mbili na nusu kila wiki na dakika 45 za nyumbani kwa siku, yana asili ya Kibudha na yamesaidia wengi. Kwa aliyetoka vitani ni habari nyingine. Mkoa wa Kigoma umepokea watu wa Burundi na Kongo kwa miongo, kambi ya Nyarugusu peke yake tangu 1996, na kwa wengi wao giza nyuma ya kope halina amani. Humo ndimo picha zinamowangoja. Dakika 45 za macho yaliyofumbwa zinaweza kumrudisha mtu kwenye usiku ule ule. Aanze na dakika tatu, macho wazi, nyayo zikigusa chini, mgongo ukutani, mlango ukionekana. Ataje vitu vitano anavyoviona. Akianza kuganda au kutokwa jasho, aitwe kwa jina na aambiwe yupo wapi na leo ni siku gani. Ndivyo ilivyo hata kwa mafungo na itikafu: kona ya giza si zawadi kwa kila mtu.

Jambo jingine ambalo mwanasaikolojia John Welwood alilipa jina mwaka 1984 ni kutumia ibada kulikwepa jeraha. Mke anayepigwa anaambiwa asubiri, asamehe, aongeze uradi. Msamaha una nafasi yake, nayo iko nyuma ya usalama. Kwanza kipigo kikome, ndipo kuwe na cha kusamehe.

Uswezi, chama cha jadi cha mizimu na ngoma za uponyaji, nautaja kwa kifupi, ingawa Unyamwezi haueleweki bila huo. Ngoma, jina jipya, undugu wa waliopitia mlango mmoja: kwa mtu aliyeteseka peke yake, kundi linalompokea ni nusu ya tiba, na mshauri anayeucheka hajui anachokicheka. Lakini yeyote, mfumu (mganga wa jadi), nabii au ustadh, anayekutajia jina la jirani au la bibi mwenye macho mekundu kuwa ndiye chanzo, mwache hapohapo. Macho ya bibi yamekunduka kwa moshi wa kuni. Ramli chonganishi haijawahi kumponya mtu, imezika watu.

Nisiwaache salama wenzangu wa upande wa ushauri. Sigmund Freud, mwasisi wa uchambuzi wa nafsi, aliandika mwaka 1930 kwamba ile hisia ya kuungana na ulimwengu wote, ambayo rafiki yake Romain Rolland alimweleza, yeye hakuweza kuipata ndani yake. Wengi wakachukua kutoipata kwake kama uthibitisho kwamba haipo. Carl Jung, aliyewahi kuwa mwenzake, hakukubali. Mwaka 1961, miezi michache kabla ya kufa, alimwandikia mmoja wa waanzilishi wa chama cha walevi wanaoacha pombe kwamba kiu ya mlevi, kwa ngazi yake ya chini, ni kiu ya roho ya kuwa mzima. Na tangu 1994 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani una kipengele cha tatizo la kidini au la kiroho ambalo si ugonjwa. Kwa hiyo mshauri wa Kigoma hana kisingizio cha kutouliza. Maswali manne kwenye kikao cha kwanza yanatosha: Ukizidiwa, unaomba kwa maneno gani? Nani anakuongoza katika mambo ya dini, na ungependa nizungumze naye? Kuna ibada uliyoiacha tangu uanze kuumwa, au uliyoiongeza? Kuna lolote umeambiwa kuhusu ugonjwa huu ambalo linakutisha? La nne huleta mengi kuliko yote.

Mwisho, dawa na mfungo. Aya ya Qurani imempa mgonjwa ruhusa, na Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga. Pamoja na hayo watu hufunga, basi wafunge wakijua. Fenobabitoni, dawa ya kifafa, ya usiku mara moja haisumbuliwi na Ramadhani. Kabamazepini, nayo ya kifafa, ya mara mbili inaweza kupangwa futari na daku, kwa idhini ya daktari. Anayetumia lithiamu, dawa ya hisia zinazopanda na kushuka, asifunge maji kabisa, kwa kuwa mwili ukikauka dawa hujaa kwenye damu mpaka iwe sumu. Na kwa mwenye kifafa, kukatwa usingizi kwa daku na tarawehe ni hatari kuliko njaa yenyewe; alale mchana afidie.

Pendekezo langu kwa misikiti, parokia na makanisa ya mikoa hii miwili ni kadi moja ya rufaa, ukubwa wa kiganja, ya kwenda na kurudi. Iandikwe: usiku wa mwisho alipolala vizuri ni lini, dawa gani na saa ngapi, uradi, sala au mfungo gani, mara ngapi, tangu lini, na nani aliyempa, anaishi na nani, amewahi kutamka kufa, ndiyo au hapana. Anayeipokea ajibu nyuma yake kwa sentensi mbili: kipi kiendelee, kipi kisimame. Jina la ugonjwa lisiandikwe. Kadi hupita mikononi mwa watu wengi kabla haijafika hospitali ya Maweni au Kitete.

Mshauri nasaha,
Ujiji, Kigoma